Kutoka parkingi ya uwanja bila kukwama

Mechi ya Mazembe ikiisha pale Kamalondo, Lubumbashi, kila gari linataka kutoka dakika ileile. Kinachokwamisha mara nyingi si lango, ni barabara ya nje iliyokwisha kujaa. Basi msimamizi asimame upande wa barabara: akiona pengo, aachilie magari manne au matano kwa mpigo, kisha azuie. Na wote wakate kulia. Kongo tunaendesha kulia, kwa hiyo anayekata kushoto anakatiza magari yanayokuja na kuwasimamisha wote walio nyuma yake. Heri azunguke mtaa mzima. Wewe dereva, ukifika egesha kinyumenyume, pua ielekee njia. Motari (waendesha pikipiki) na wauza vinywaji langoni waombwe kusogea kabla ya filimbi ya mwisho, baadaye hawasikii mtu.