Printa ya USB inaonekana kwenye Linux lakini haichapi: kagua programu dhibiti

Juzi nilikaa na mwenzangu mwenye HP LaserJet 1020. Anatuma kazi, foleni inaonyesha imekamilika, karatasi haitoki. Tatizo hilihili liliwahi kunimalizia nusu siku, kwa hiyo nimeandika njia ninayoifuata sasa.

Hatua ya 1. Chomeka printa kwenye kompyuta yenyewe, bila kupitia kifaa cha kuongeza matundu ya USB. Iwashe, kisha:

`lsusb`

Tafuta 03f0:2b17. Namba ya kwanza ni ya HP, ya pili ni ya modeli hii. Isipoonekana, badilisha kebo kabla hujagusa programu yoyote.

Hatua ya 2. `sudo lpinfo -v`. Ukiona anwani ya printa yako inayoanza na usb:// au hp:/usb, endelea.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi, usipaharakishe.

Printa nyingi hutunza programu dhibiti (firmware, yaani maelekezo yanayoiendesha printa yenyewe) ndani yake. LaserJet 1018, 1020 na P1005 haziitunzi: ukizima umeme inafutika, na kompyuta inatakiwa kuipeleka upya kila printa inapowashwa. Ndiyo maana `lsusb` inaiona bila shida. Upande wa USB uko macho, ila upande wa kuchapa hauna maelekezo yoyote, na kurasa unazotuma zinapotea kimyakimya.

Ukitumia HPLIP (programu ya HP ya kuendesha printa zake kwenye Linux), faili ya programu dhibiti imo kwenye programu-jalizi ambayo haiji na kifurushi chenyewe:

`hp-plugin -i`
`hp-firmware`

Sasa angalia sana: toleo la programu-jalizi lazima lilingane na toleo la HPLIP. Ukisasisha mfumo, HPLIP inapanda na programu-jalizi inabaki ya zamani, kisha upakiaji unakwama. Mimi nilifuta foleni, nikaiunda upya, nikabadilisha draiva mara tatu, na kumbe kosa lilikuwa hapo. Linganisha kwanza:

`dpkg -l hplip`
`grep version /var/lib/hp/hplip.state`

Yakitofautiana, rudia `hp-plugin -i`. Halafu zima printa, subiri sekunde kumi, iwashe. Usiruke hili, kwa sababu udev (sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinapochomekwa) hupeleka programu dhibiti pale printa inapojitokeza upya.

Kwa mashine hizi za zamani mimi napenda zaidi foo2zjs, draiva nyingine isiyo ya HP. Faili ni moja tu, sihp1020.dl, haidai kulingana matoleo, na unaweza kuipeleka kwa mkono:

`sudo modprobe usblp`
`sudo sh -c 'cat sihp1020.dl > /dev/usb/lp0'`

Chagua njia moja. Usiweke zote mbili, maana kila moja ina kanuni zake za udev, na zikigombania printa moja hutajua ipi imefanya nini.

Kisha hakikisha:

`sudo usb_printerid /dev/usb/lp0`

Kwenye jibu tafuta neno FWVER likifuatwa na tarehe. Lisipokuwepo, printa bado tupu, hata kama taa yake inawaka kijani. Kipimo hiki ndicho ninachokiamini kuliko ujumbe wowote wa dirisha la mipangilio.

Hatua ya 4. Futa kazi zilizokwama kwa `cancel -a`, tazama `lpstat -t`, na kama foleni imesimamishwa, iamshe kwa `cupsenable` na jina lake. Tuma ukurasa mmoja wa majaribio.