Somo: Kupata vipimo vya bahari yetu bila malipo, na kutoa vyako vikaaminika

Kaskazi ikikolea, kati ya Desemba na Machi, ujumbe wa namna moja hunifikia kutoka pwani ya mashariki ya Unguja: mwani umekuwa mweupe, unalegea, unakatika kwenye kamba, maji ya moto. Nikiuliza moto kiasi gani, tangu lini, na mwaka jana ilikuwaje, sipati jibu. Inaniuma, kwa sababu joto la bahari hiyo limepimwa usiku wa jana kwa setilaiti, na kupwa na kujaa kwake kunaandikwa na kituo cha Zanzibar tangu 1984. Vyote viko wazi, havidai hata senti. Basi tuvichukue, kisha tuongeze vyetu.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwenye karatasi

Usifungue tovuti yoyote kabla ya hapo. Swali liwe na mahali, kipindi na kitu kinachopimwa. "Hali ya bahari Zanzibar" si swali. "Je, maji ya Jambiani yalikuwa na joto Februari hii kuliko Februari tatu zilizopita?" ni swali, na linakwambia papo hapo ufungue nini na uache nini.

Hatua ya 2: Weka mahali pako kwa namba, na usisahau alama ya kutoa

Karibu kila hazina ya vipimo huuliza latitudo na longitudo kwa desimali. Mji wa Zanzibar uko karibu na -6.16, 39.19. Hiyo alama ya kutoa ndiyo inayotuweka kusini mwa ikweta. Ukiisahau, kipimo chako kinatua kusini mwa Ethiopia, nchi kavu kabisa. Ukizigeuza namba mbili hizo zikakaa kinyume, unatua Hispania.

Kosa la tatu ni gumu zaidi kuliona. GPS nyingi za mashuani huonyesha nyuzi na dakika, mfano nyuzi 6 na dakika 09. Hiyo si 6.09. Gawa dakika kwa 60, upate 0.15, kwa hiyo ni -6.15. Tofauti ya hizo mbili ni zaidi ya kilomita 6, na kwenye ramani mwamba wako utakuwa umehamia kwa jirani.

Hatua ya 3: Maji kupwa na kujaa

Kwa maji ya sasa hivi, tafuta ukurasa wa vituo vya usawa wa bahari wa IOC, tume ya bahari ya UNESCO. Unachagua kituo kwenye ramani, unaona mchoro wa maji yakipanda na kushuka. Kwa historia, nenda kituo cha usawa wa bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii, kinachojulikana kwa kifupi UHSLC. Humo Mombasa ni kituo namba 101, na Zanzibar ni namba 151. Pakua faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) la kila saa.

Ukilifungua utakuta safu za namba bila vichwa: mwaka, mwezi, siku, saa, kisha usawa wa maji kwa milimita. Ukiona -32767, usidhani bahari imekauka. Ni alama ya kwamba saa hiyo hakuna kipimo. Ifute kwanza, kwa sababu ukipiga wastani ikiwa ndani, hesabu yote imeharibika.

Sasa saa, na hapa naomba tutulie. Faili limeandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa. Saa ya Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu, nasi wenye Kiswahili tunahesabu siku kuanzia mapambazuko, kwa hiyo tuna hatua mbili za kubadilisha. Njia ya mkato ni hii: chukua saa ya UTC, toa 3, umepata saa ya Kiswahili. UTC 09:00 ni saa 6 mchana. UTC 12:00 ni saa 9 alasiri. Jibu likizidi 12, toa 12: UTC 21:00 inakuwa 18, basi ni saa 6 usiku. Likiwa sifuri au chini yake, ongeza 12: UTC 00:00 ni saa 9 usiku. Na kuanzia UTC 21:00 tarehe yetu tayari imegeuka, hivyo kupwa kwa usiku huo ni kwa siku inayofuata.

Nasisitiza kwa sababu kosa hili nililifanya mimi mwenyewe. Niliwachapia kina mama wa kikundi kimoja jedwali la kupwa kwa bamvu (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) kutoka kwenye utabiri wa UTC, nikaandika saa 1 na dakika 40 asubuhi badala ya saa 4 na dakika 40. Waliteremka pwani na vigingi vyao wakakuta maji kiunoni. Walinisamehe, lakini jedwali lililofuata walilikagua wenyewe kwa mwezi angani kabla ya kulitumia, na walikuwa na haki.

Jambo moja la mwisho hapa: kila chanzo kina sifuri yake. Sifuri ya kituo si lazima iwe sifuri ya ramani ya mabaharia. Ukilinganisha vyanzo viwili, linganisha tofauti ya kujaa na kupwa, usilinganishe namba tupu.

Hatua ya 4: Joto la maji

Coral Reef Watch ya NOAA, idara ya bahari na hali ya hewa ya Marekani, hutoa kila siku ramani ya joto la uso wa bahari dunia nzima, kwa miraba ya kilomita 5, na kumbukumbu zake zinarudi hadi 1985. Ina pia michoro ya kanda kwa kanda, ukanda wetu ukiwemo: mstari wa joto la mwaka huu na mstari wa kiwango ambacho matumbawe huanza kuumia.

Kiwango hicho hupatikana hivi. Wanachukua joto la kawaida la mwezi wenye joto kali kuliko yote mahali hapo, wanaongeza nyuzi 1. Maji yakifika hapo au kupita, ziada juu ya joto la kawaida la mwezi ule huanza kujumlishwa, kwa kipindi cha wiki 12 zilizopita. Ziada ya nyuzi 2 kwa wiki mbili ni 4, na ziada ya nyuzi 1 kwa wiki nne ni 4 vilevile. Jumla ikifika 4, tarajia matumbawe kupauka. Ikifika 8, tarajia kupauka kukali na vifo. Ndicho kilichotokea 1998, mwaka ambao matumbawe mengi ya Kenya na Mafia yalikufa. Aprili 2024 ilitangazwa kwamba kupauka kwa dunia nzima kumetokea kwa mara ya nne, na mfumo huu ndio uliotumika kufuatilia kupauka huko.

Wakulima wa mwani, msiichukue namba hiyo kama joto la shamba lenu. Imesawazishwa kwa joto la usiku, karibu na uso wa maji, na mraba mmoja unameza maji yote yaliyo ndani ya mwamba pamoja na bahari iliyo nje yake. Mchana wa bamvu, maji yakiwa magotini na jua la utosi, shamba ni la moto kuliko ramani inavyosema. Setilaiti itakuonyesha kama mwaka huu umezidi mingine. Kujua mwani wenyewe ulivumilia nini kunahitaji kipimajoto chako ndani ya maji.

Hatua ya 5: Picha kutoka juu

Nitapita haraka. Picha za setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya zinapatikana bure kwenye Copernicus Browser, na kila nukta ya picha ni mita 10. Landsat za Marekani ni mita 30 ila zinarudi nyuma hadi miaka ya 1970, ingawa hizo za mwanzo ni hafifu zaidi. Kwa mikoko, Global Mangrove Watch imeshachora ramani kuanzia 1996, nawe unaweza kulinganisha delta ya Rufiji katika miaka mbalimbali. Chagua picha isiyo na mawingu, na angalia ilipigwa wakati wa kujaa au kupwa. Nimewahi kuona watu wakigombana kwamba ufuo umeliwa, kumbe picha moja ni ya maji kujaa na nyingine ni ya maji kupwa.

Hatua ya 6: Pima, andika, toa

Kipimajoto cha bei nafuu na daftari vinatosha, mradi mtu mwingine akisoma asilazimike kukupigia simu. Kila mstari uwe na tarehe kwa mtindo wa 2025-02-14, saa pamoja na aina ya saa (UTC, ya Afrika Mashariki au ya Kiswahili), latitudo na longitudo, kipimo na kizio chake, kina ulichopimia, chombo ulichotumia, na aliyepima kwa herufi au namba. Kipimajoto kipya kijaribu kwanza kwenye barafu inayoyeyuka. Kikisoma nyuzi 1 badala ya 0, andika hivyo kwenye maelezo, usikitupe.

Kisha toa. Njia nyepesi ni Zenodo, hazina inayoendeshwa na CERN: unafungua akaunti, unapakia faili la CSV pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo, unachagua leseni, unapewa namba ya kudumu iitwayo DOI. Leseni ya CC BY humruhusu yeyote kutumia kazi yenu mradi awataje. Picha za viumbe zipeleke iNaturalist. Zile zilizothibitishwa, zikiwa na leseni huria, huingia pia kwenye hazina ya dunia ya GBIF. Orodha kubwa za viumbe vya bahari zinafaa OBIS, hazina ya dunia ya viumbe hao, na hapo zungumzeni kwanza na taasisi za nyumbani: KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, kule Mombasa, au Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar. Maelezo yaandikeni kwa Kiswahili pia. Vipimo ni vya pwani yenu, na wajukuu zenu ndio watakaovisoma.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kutoka Pemba: Mimi nina simu tu. Nitaweza?*

Utaweza, ila usipakue faili la kila saa la miaka yote. Mwaka mmoja una mistari 8,760, na ukizidisha kwa miaka arobaini simu itaganda. Chukua wastani wa kila mwezi kutoka PSMSL, hazina ya usawa wa bahari iliyoko Liverpool. Ni mistari mia chache, inafunguka kwenye programu yoyote ya majedwali. Joto la bahari tazama kama mchoro, kisha hifadhi picha yake na uandike tarehe.

*Kutoka Kilwa: Ramani ya kina ya GEBCO inasema mita 40 mahali ambapo sisi tukitia bildi tunapata 6. Nani mkweli?*

Bildi yenu. GEBCO ina nukta moja kila mita 450 hivi, na pasipopita meli ya kupima, kina kimekadiriwa. Mwamba mwembamba unapotea kabisa. Msiendeshee chombo kwa ramani hiyo hata mara moja. Ila mkitaka vipimo vyenu viwafae wengine, andikeni na saa mliyotia bildi, kwa sababu wakati wa bamvu tofauti ya kujaa na kupwa kwetu inaweza kufika mita 4. "Mita 6" bila saa inaweza kuwa nyingine kabisa maji yakipwa.

*Kutoka Lamu: Tukiweka wazi miamba yetu ya pweza, wageni hawatatuvamia?*

Wanaweza, na hofu yako ni ya haki. Kutoa data si lazima kutoa kila kitu. Toeni uzito wa pweza, tarehe na idadi ya wavuvi, lakini mahali paandikwe kwa jina la kijiji au kwa desimali moja tu, ambayo ni kama kilomita 11. Semeni kwenye maelezo kwamba mahali pamefichwa makusudi. Fanyeni vivyo hivyo kwa viota vya kasa. Uamuzi huo ufanywe na kikao cha wavuvi, usifanywe na kijana mwenye kompyuta peke yake.

*Mwalimu wa sekondari, Tanga: Wanafunzi wangu wameandika tasi, mgeni kutoka Kenya ameandika tafi. Tuweke lipi?*

Yote mawili, Mwalimu, na safu ya tatu iwe jina la kisayansi. Tasi aliyezoeleka kwetu ni *Siganus sutor*. Hakikisheni tahajia kwenye WoRMS, rejista ya dunia ya viumbe vya bahari, mchukue na namba yake. Msipokuwa na hakika na aina, andikeni *Siganus* peke yake. Na jina la kienyeji msilifute hata mkiambiwa halihitajiki, maana ndilo litakalomrudisha mtafiti kwa mzee anayemjua samaki huyo.

*Kutoka Mtwara: Daftari letu lina majina ya wavuvi na namba zao za simu. Tulipakie hivyo hivyo?*

Hapana. Fanyeni nakala, badilisheni majina kuwa namba, simu ziondoke kabisa. Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini hata zisingekuwepo, mvuvi alikupa namba yake umpigie, hakukupa uitangaze. Daftari la asili libaki na kikundi.

*Kutoka Jambiani: Kipimajoto chetu kilivunjika, tumekosa siku kumi na moja za Machi. Tujaze kwa wastani wa siku za kabla na za baada?*

Msijaze, dada. Acheni nafasi tupu, na kwenye maelezo andikeni "kipimajoto kilivunjika" na tarehe za kuanzia na kuishia. Kipya kikija, kijaribuni kwenye barafu kabla hakijaingia baharini, maana huenda hakisomi sawa na kile cha zamani.