Namna ya kuwinda bourbon adimu kwa bei ya dukani bila kulanguliwa (kutoka Kentucky)

Haya wadau, kila majani yakianza kupukutika huku Kentucky naulizwa swali lilelile na watu wetu wa Louisville, Lexington, mpaka wa Columbus na Dallas: ile chupa ya farasi (Blanton's, yenye farasi kwenye kizibo) inapatikana wapi kwa bei ya kawaida? Juzi juzi nimemsaidia binamu yangu aliyehamia huku, alikuwa anatafuta Blanton's ya kumpelekea baba mkwe wake, na ameipata kwa bei ya shelfu kabisa, basi nimeona niandike yote sehemu moja ili nikiulizwa tena niwatumie hii. Mnaoishi nje ya Marekani mtaifaidi zaidi hatua ya mwisho.

Miaka 21 ni lazima na kitambulisho utaombwa hata kama una mvi. Tuendelee.

Hatua ya 1: Andika chupa unazotaka, zisizidi tatu

Ukiingia na orodha ya chupa ishirini utanunua chochote utakachouziwa. Chagua chache uzijue vizuri.

Bourbon ni wiski ya Marekani ambayo nafaka yake angalau asilimia 51 ni mahindi, na inalazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Sababu ya chupa fulani kuwa adimu ni muda tu. Pappy Van Winkle ya miaka 23 unayoiona leo iliingia pipani miaka 23 iliyopita, kipindi ambacho hakuna aliyejua kwamba watu watapanga foleni usiku kwa ajili yake, na miaka yote hiyo pipa linapungua kwa sababu wiski inavukiza kupitia mbao. Huwezi kurudi nyuma ukajaza mapipa mengine.

Kitu cha kushika hapa: Blanton's, Eagle Rare, Weller zote, E.H. Taylor, Stagg na Van Winkle zinatoka kiwanda kimoja, Buffalo Trace, pale Frankfort. Itakusaidia kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 2: Tafuta bei elekezi kabla hujatoka nyumbani

Hapa ndo watu wanapoteza masaa na hela kwa hiyo nitakaa sana.

Bei ziko tatu na usizichanganye. Kuna bei elekezi, hiyo anaitaja mtengenezaji. Kuna bei ya shelfu, hiyo anaibandika mwenye duka. Alafu kuna bei ya ulanguzi, ya watu wanaouziana pembeni. Mtengenezaji anapendekeza tu, kwenye majimbo mengi hana uwezo wa kumlazimisha mwenye duka, kwa sababu tangu pombe iruhusiwe tena mwaka 1933 biashara imegawanywa ngazi tatu: kiwanda kinamuuzia msambazaji, msambazaji anaiuzia duka, duka linakuuzia wewe. Sasa mwenye duka ameletewa Blanton's mbili, anachungulia kwenye simu anaona walanguzi wanataka dola 150, na yeye anabandika 150. Hajavunja sheria yoyote. Ila wewe pia hulazimiki kumpa.

Ili ujue unaonewa au hauonewi unahitaji namba ya kulinganisha, na mimi naipata hivi: naangalia orodha ya bei ya majimbo ambayo serikali yenyewe ndo inauza pombe kali. Yako 17, mfano Virginia, Pennsylvania, Ohio, North Carolina. Huko bei inapangwa kwa kanuni, haijali chupa ina umaarufu gani, na orodha ziko wazi kwenye tovuti zao, yeyote anasoma hata kama haishi huko. Unaandika jina la chupa, unaona bei, hiyo ndo rula yako ukiingia duka la Kentucky au Tennessee.

Lakini kuna mambo ya kuangalia, na haya ndo yanayowachanganya wengi:

Angalia ujazo. Chupa ya kawaida ya Marekani ni mililita 750, ila Weller ya lebo ya kijani na Buffalo Trace ya kawaida zinauzwa pia kwa lita 1 na lita 1.75. Mtu anaona bei ya chupa kubwa anadhani anaibiwa, au anaona ndogo anadhani kaokota dodo chini ya mwarobaini. Za Ulaya ni mililita 700.

Angalia mwaka. Bei elekezi zinapanda. Zile za Buffalo Trace zinazotoka pamoja kila vuli, akina George T. Stagg na William Larue Weller, zilikaa dola 99 kwa miaka kadhaa alafu zikaanza kupanda. Pappy 23 nayo ilikaa karibu dola 300 muda mrefu na haipo hapo tena. Usiende kugombana na mtu kaunta kwa bei ya makala ya 2019.

Angalia kama ni toleo lenyewe. Jina moja linaweza kuwa na ndugu wengi. Weller Special Reserve, Weller Antique 107, Weller 12 na William Larue Weller ni chupa nne tofauti kabisa kwa bei. Pia kuna pipa moja lililochaguliwa na duka kwa ajili ya wateja wake, lina stika ya duka, hilo kuzidi dola kumi au kumi na tano ni haki yake.

Kumbuka kodi. Kentucky unaongeza asilimia 6 pale kwenye mashine ya malipo, haiko kwenye bei ya shelfu.

Na usitumie zile tovuti zinazokupa "wastani wa bei" ya chupa. Zinachanganya bei za mnada, bei za maduka ya kulangua na bei za watu wanaotamani tu kuuza, alafu mtu anakuja anasema Eagle Rare ni dola 100. Sio. Eagle Rare ya miaka 10 inazunguka 40 hivi, Blanton's ya kawaida 65 mpaka 75, E.H. Taylor Small Batch 45 hivi, Weller Antique 50 na kitu. Hizo namba za kichwani zinatosha kukuzuia kufanya haraka.

Jambo lingine la Kentucky: tangu 2018 kuna sheria inayoruhusu maduka yenye leseni kununua chupa za zamani kutoka kwa watu binafsi na kuziuza. Ukiingia duka la namna hiyo ukaona Blanton's bei mara mbili, ujue umeingia sehemu ya mikusanyo, bei zake ni za soko la wakusanyaji. Pazuri kutembelea, chupa za miaka ya 70 unaziona kwa macho, ila sio pa kuwindia kwa bei ya dukani.

Kiwango changu mimi ni bei elekezi ukiongeza asilimia 20, basi. Ikizidi hapo nairudisha shelfu na kusema asante. Na sasa hivi una nguvu ya kufanya hivyo, bei za ulanguzi zimeshuka toka kile kilele cha 2021 na 2022, na huku Kentucky kuna mapipa zaidi ya milioni 14 yamelala maghalani, mengi kuliko watu wa jimbo zima.

Hatua ya 3: Jua jimbo lako linauzaje

Jimbo la serikali: jiandikishe kwenye droo zao, mara nyingi lazima uwe mkazi. Ukishinda unalipa bei ileile ya orodha, kwa hiyo Pappy kwa bei halali inapatikana kwa njia hii kuliko njia nyingine yoyote ninayoijua. Jimbo la maduka binafsi: nenda hatua ya 4.

Hatua ya 4: Kuwa mteja wa duka moja au mawili

Wengi wanazunguka maduka kumi kwa siku wanauliza "mna Blanton's?" na wanajibiwa hamna, wakati zipo stoo. Sio uongo wa makusudi sana, zile chupa zinakuwa zimeshawekewa watu.

Msambazaji anagawa chupa adimu kwa kuangalia duka linauza kiasi gani cha bidhaa zake za kawaida. Ndo maana nilisema ushike zile za Buffalo Trace: duka linalosukuma sana bidhaa za kampuni hiyo, hata vodka na vitu vya bei chini, ndo linapata Weller na Blanton's nyingi zaidi. Kwa hiyo usiangalie duka zuri lenye taa na rafu za mbao, angalia duka lenye mzunguko. Binafsi napenda duka la mtaani la familia, karibu na sehemu watu wanapoishi, kuliko haya makubwa ya mnyororo. Makubwa yana utaratibu mzuri wa pointi na droo, ila huwezi kujuana na mtu.

Alafu nunua hapo vitu vyako vyote. Bia ya wikendi, mvinyo wa shemeji, barafu. Salimia. Muulize anayepokea mizigo, sio meneja, gari la msambazaji linashuka siku gani, maana lina siku zake. Siku hiyo pita mchana, sio asubuhi, asubuhi bado wanahesabu. Na usiulize kama kuna fulani, uliza "wiki hii mzigo umekuja na nini kizuri?" Utaona tofauti ya jibu. Binamu yangu yake ilitoka hivyohivyo, mama wa kaunta aliinama akaitoa chini ya mashine ya malipo, ina risiti na bei ya dola 69.99, bila maneno mengi.

Usikubali kununua kreti ya kitu usichotaka ili uuziwe moja unayoitaka. Piga hesabu ya jumla, mara nyingi inakuwa bei ya mlanguzi iliyovaa nguo nyingine.

Kuhusu miezi: Old Forester Birthday Bourbon ni Septemba, siku ya kuzaliwa ya mwanzilishi wao ni tarehe 2 Septemba. Van Winkle na zile za vuli za Buffalo Trace ni Oktoba mpaka Desemba. Old Fitzgerald ya chupa ya kifahari inatoka mara mbili, masika na vuli. Elijah Craig Barrel Proof mara tatu kwa mwaka, na lebo yake ina msimbo rahisi sana: A124 maana yake toleo la kwanza (A), mwezi wa 1, mwaka 2024. C923 ni toleo la tatu, mwezi wa 9, 2023. Hii ndo chupa ninayowashauri wanaoanza, inapatikana, nguvu yake ni ya pipani bila kuongezewa maji, na bei yake haijaharibiwa.

Na kama unatafuta Weller kwa sababu umeambiwa ni ndugu wa Pappy, ukweli ni kwamba kinachozifanya zifanane ni ngano badala ya nafaka ya rai (rye) kwenye mchanganyiko. Maker's Mark Cask Strength nayo ni ya ngano na iko shelfu mwaka mzima. Ionje kwanza.

Hatua ya 5: Nenda kiwandani

Buffalo Trace iko mwendo wa nusu saa hivi kutoka Lexington, kutembezwa ni bure, na duka lao linauza kwa bei elekezi. Chupa adimu ya siku inabadilika, huwezi kuichagua. Wanaskani kitambulisho, na ukishachukua aina moja inabidi usubiri karibu miezi mitatu kuipata tena. Fika kabla hawajafungua. Wageni wakija kutoka nyumbani wapeleke huko, kila mtu mzima na chupa yake.

Hatua ya 6: Kagua chupa

Ukinunua duka lenye leseni ruka hatua hii. Ukinunua kwa mtu, kwanza kwenye majimbo mengi hana ruhusa ya kukuuzia, na Facebook walipiga marufuku uuzaji huo mwaka 2019 kwa hiyo mengi yamehamia sehemu za siri ambako hakuna wa kumlalamikia. Chupa tupu za Blanton's zinauzwa mtandaoni, mtu anajaza wiski ya dola 20, anachakachua muhuri, kazi imeisha.

Geuza chupa ya Buffalo Trace kwenye mwanga utaona maandishi madogo yamechomwa kwenye kioo chenyewe, yanaanza na L, alafu tarakimu mbili za mwaka, alafu tatu za siku ya mwaka. L22 na 060 ni Machi mosi 2022. Kwa Blanton's linganisha na tarehe ya kumwagwa pipa iliyoandikwa kwenye lebo, pamoja na namba ya pipa na ghala H. Chupa haiwezi kujazwa kabla pipa halijafunguliwa. Zikipishana hivyo, mrudishie. Farasi wa kwenye kizibo asikudanganye, wako nane, kila mmoja na herufi yake mpaka litimie jina (N ya pili ina nukta mbili pembeni kuitofautisha na ya kwanza), watu wanawakusanya na kuwabadilisha, hawathibitishi kitu.

Hatua ya 7: Kuipeleka nyumbani

Posta ya Marekani haipokei pombe kabisa, usijaribu kuificha kwenye kifurushi. Kwenye ndege weka begi la kupakia chini: pombe ya zaidi ya asilimia 24 mpaka 70 mwisho ni lita 5 kwa mtu, na chupa ziwe hazijafunguliwa. Zaidi ya asilimia 70 hairuhusiwi hata kidogo, na baadhi ya matoleo ya George T. Stagg yamewahi kuvuka hapo, soma lebo.

Ukishuka Nairobi, Dar au Entebbe, forodha ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru wa lita 1 ya pombe kali kwa msafiri mwenye miaka 18 na kuendelea. Chupa moja ya 750 iko ndani, ya pili imezidi, kwa hiyo gawaneni kwenye familia au itangaze. Risiti ya duka iweke kwenye mkoba wa mkononi, sio begini. Afisa akikagua bei kwenye simu yake ataona zile bei za walanguzi, na risiti ya dola 69.99 ndo itakayokutetea ushuru ukipigwa.