Kabla Hujashindanisha Magari Membamba na Mapana

Umepata seti ya yale magari madogo ya umeme yanayokimbia kwa kufuata mfuo uliochongwa kwenye njia? Usiwaite watoto kwanza.

Futa reli za chuma kwa kitambaa kikavu siku ileile. Hewa ya chumvi hapa Tanga huzitia kutu upesi. Safisha matairi. Kila njia iwe na transfoma yake, maana zikichangia moja, gari moja likichomoka lile jingine hupata umeme wa ziada ghafla. Sumaku za chini ya magari ng'oa zote au ziache zote.

Sasa upana. Hapa sikiliza vizuri.

Idi iliyopita, uani kwetu Ngamiani, mpwa wangu alichagua gari la mbio la mtindo wa miaka ya 1960, bodi nyembamba kama sigara. Mtoto wa jirani akachukua gari pana la mtindo wa Le Mans, yale mashindano ya saa 24 ya Ufaransa. Yote yameundwa kwa kipimo cha 1 kwa 32, nikasema yako sawa. Hayakuwa sawa hata kidogo. Gari halisi lenye upana wa mita 2, likipunguzwa mara 32, hubaki na milimita 62 hivi. La mpwa wangu, nilipolipima baadaye kwa rula, tairi hadi tairi, lilikuwa milimita 50. Kwenye kona lile pana lilitulia, hili likabinuka.

Na si kubinuka tu. Kati ya mfuo na mfuo kuna sentimita 8. Mkia wa gari pana ukiteleza kwenye kona, unalikumba gari la njia ya pili.

"Mjomba, ananisukuma."

"Punguza mwendo, baba."

Alinilalamikia mara tatu, nami mara tatu nikamjibu hivyohivyo. Ya nne gari likaruka hadi sakafuni, ekseli ikapinda. Alilia mpaka dada yangu akaja kumchukua, na alikuwa na haki ya kulia. Nilikuwa nimesimama palepale bila kutazama kona.

Kwa hiyo gawa makundi. Mwambie seremala akukatie kibao chenye pengo la milimita 55. Gari lisilopita hapo halishindani na membamba. Usitanue ekseli za jembamba: magurudumu yatatokeza nje ya bodi, nalo litakuwa ndilo linalokumba. Yakiwa machache na huna budi kuyachanganya, gonga chubwi ya mshipi iwe bapa, uibandike chini kabisa ya lile jembamba lisibinuke ovyo, kisha unawe mikono, ile ni madini ya risasi, ina sumu. Au yakimbie moja moja, ukipima muda wa kila moja kwa saa.

Halafu wabadilishane njia, dakika sawa kila mmoja. Kwenye uwanja wa mzunguko usiojikata katikati kama namba 8 inavyojikata, njia ya nje huizidi ya ndani kwa karibu sentimita 50 kila mzunguko, uwanja uwe mdogo au mkubwa.

Mawingu yakikusanyika, zima umeme kabla ya tone la kwanza. Wadogo wasikae karibu na kona. Nyaya zisipite mlangoni, na transfoma ikishakuwa ya moto mkononi, pumzisheni.