Kukabidhi huduma za watafuta kazi kwa kampuni binafsi: jinsi ya kuandika mkataba Arusha

Halmashauri ikitaka kampuni binafsi iandikishe watafuta kazi, iwaandae kwa usaili na kuwaunganisha na waajiri kwa fedha za umma, ianze na jedwali la malipo. Hadidu za rejea zifuate baadaye. Ukilipia idadi ya walioandikishwa, utaletewa madaftari yaliyojaa majina, na kijana wa Muriet atabaki alipokuwa.

Kwanza hakikisha kampuni ina leseni ya wakala binafsi wa huduma za ajira. Kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2014, wakala anaunganisha tu, na mkataba wa kazi ni kati ya mfanyakazi na mwajiri mwenyewe. Zabuni ipite NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao.

Kisha wagawe watafuta kazi kwa ugumu wa hali zao. Makundi matatu yanatosha: mwenye cheti aliyelipwa mshahara ndani ya miezi 6 iliyopita, aliyemaliza kidato cha nne asiye na uzoefu, na mwenye mzigo mzito zaidi, kama ulemavu, watoto wadogo wasio na wa kuwaangalia, au zaidi ya mwaka bila kazi. Fomu ya ukurasa mmoja ijazwe na afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla kampuni haijaona jina. Kampuni ikijipangia makundi yenyewe, kila mtu atageuka kuwa mgumu, kwa sababu mgumu ndiye mwenye bei.

Bei lazima zitofautiane sana. Kwa mfano, shilingi 200,000 kwa mtu wa kundi la kwanza, 300,000 la pili, 500,000 la tatu. Australia ilipokabidhi huduma hizi kwa watoa huduma wa nje mwaka 1998, na Uingereza ilipoanzisha Work Programme, mpango wake wa aina hiyohiyo, mwaka 2011, ugonjwa ulikuwa uleule: wepesi walishughulikiwa haraka, wagumu wakaegeshwa. Uingereza iliweka bei tofauti kwa makundi tofauti, na bado haikutosha. Kwa hiyo ongeza sharti la pili: kampuni ipokee kila anayepelekwa na kata, isichague, na kila mmoja aonane na mshauri ana kwa ana angalau mara 2 kwa mwezi.

Malipo yatoke kwa awamu nne. Kwa mtu wa 300,000: 60,000 mpango wake ukisainiwa, 60,000 akipata mshahara wa kwanza, 75,000 akifikisha miezi mitatu kazini, na 105,000 ya mwisho. Usiifute awamu ya kwanza ili kubana matumizi. Uingereza waliipunguza ada ya kuanzia mwaka hadi mwaka mpaka ikaisha 2014. Kampuni ndogo ya hapa haiwezi kulipa washauri kwa mwaka mzima ikisubiri matokeo.

Hiyo 105,000 ndiyo inayotaka akili zaidi, kwa sababu ya msimu wetu. Loji na kambi nyingi za watalii huchukua watu Juni, kisha masika ya Aprili na Mei huwarudisha nyumbani. Ukiandika “miezi sita kazini”, aliyeanza Juni anahesabika kufikia Novemba, na Aprili yuko kijiweni tena huku kampuni imeshalipwa yote. Andika hivi: awamu ya mwisho italipwa mtu akiwa amevuka masika na yuko kwenye mshahara mwezi Julai, kwa mwajiri yuleyule au mwingine. Hapo kampuni itakuwa na sababu ya kumtafutia kazi nyingine mapema, kwenye viwanda au mashamba ya maua ya Usa River. Mweka hazina naye aambiwe mapema: malipo ya Julai yanaangukia mwaka mpya wa fedha. Yasipowekwa kwenye bajeti inayofuata, deni litakaa.

Uhakiki usifanywe na kampuni. Kwa kila watu 10 wanaodaiwa kuajiriwa, halmashauri ichague mmoja kwa kura, impigie simu, kisha imfuate kazini. Omba, kwa ridhaa yake, taarifa ya michango ya NSSF, maana inaonyesha mwezi na mwajiri. Kwa aliye kwenye saluni au karakana isiyochangia, daftari la malipo na kumwona kwa macho vinatosha. Tazama fomu zenyewe: sahihi 14 zenye mkunjo mmoja na wino mmoja, au waajiri watano wenye namba moja ya simu, zinatosha kusimamisha malipo.

Mtafuta kazi asitozwe hata shilingi, iwe ya fomu, ya “kufungua faili” au ya picha. Hiyo ndiyo kanuni ya Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997. Bandika tangazo kwenye kila ofisi ya kata, “Huduma hii ni bure”, na namba ya simu ya halmashauri, si ya kampuni. Anayedaiwa 5,000 akiwa hana hata nauli ya daladala hatarudi tena, na hatasema kwa nini.

Mwisho, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusika, kwani fomu zina namba za NIDA na habari za afya. Andika kwamba majalada yote ni mali ya halmashauri, na yakabidhiwe siku 30 kabla mkataba haujaisha, pamoja na orodha ya walio katikati ya safari na jina la mshauri wa kila mmoja.