Unataka gari ya umeme Dar? Piga hesabu hivi kabla hujatuma hela Japan

Ubishi wa gari za umeme siku hizi hauishi, huyu anasema bei ya mafuta ameshaisahau, yule anasema betri ikifa ndio basi gari limekufia mkononi, na wote wawili wanabishana bila kukuuliza maswali mawili ambayo ndio yanaamua kila kitu: kwa siku unatembea kilomita ngapi, na usiku gari linalala wapi. Naongelea Dar na Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japan, mana ndio gari ya umeme ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuifikia, na ni gari ninayoipenda kwa dhati, ndio maana sitaki mtu aingie kichwa kichwa halafu aje aitukane.

Swali la usiku ni fupi. Kama umepanga na gari unaliacha nje ya geti, au wapangaji wanne mnachangia mita moja ya LUKU, acha kwanza. Hii gari inachajiwa nyumbani, usiku, kwenye mita yako mwenyewe. Usinunue kwa kutegemea chaja za mtaani, na hiyo mita ya kuchangia itawagombanisha mapema tu.

Sasa hesabu. Leaf ikiendeshwa kawaida na AC imewashwa, weka yuniti moja kwa kilomita 6, hapo na umeme unaopotea wakati wa kuchaji nimeshauweka. Yuniti ya LUKU kwa matumizi ya kawaida ukijumlisha na kodi zake ni kama shilingi 356, kwahiyo kilomita moja inakula kama shilingi 60. Chukua IST ya 1300 upande wa pili, kwenye foleni zetu lita moja inakupeleka kama kilomita 12, weka lita ni 3,000 kwa kupigia hesabu tu (wewe weka bei ya EWURA ya mwezi huu), hapo kilomita ni 250. Mtu anayetoka Mbezi kushuka mjini na kurudi na mizunguko yake, tuseme kilomita 40 kwa siku, kwenye umeme ni kama 2,400 na kwenye mafuta ni 10,000. Kwa siku 26 za mwezi tofauti inakaribia laki mbili, kwa mwaka ni milioni mbili na laki tatu na ushee.

Sasa chukua mtu anayetembea kilomita 10 kwa siku, yeye kwa mwaka anaokoa kama laki sita tu. Tuseme Leaf imeizidi IST kwa milioni 8 mpaka inafika mkononi: wa kilomita 40 anairudisha hela yake kwenye miaka mitatu na nusu hivi, wa kilomita 10 anahitaji miaka 13, na hiyo betri itakuwa imeshachoka zamani. Kwahiyo anayetembea kidogo abaki na gari lake la mafuta kwa amani kabisa. Anayetembea sana kila siku, njia ile ile, na anarudi kulala nyumbani, huyu ndiye mwenye gari.

Kuna kitu kimoja watu wanasahau kabisa kwenye hesabu. Kama nyumba yako iko kwenye ile tarifu ndogo ya yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ile ya shilingi 122 kwa yuniti, gari peke yake kwa kilomita 40 kwa siku litakula yuniti 170 na zaidi. Ukishahamishiwa tarifu ya juu, zile yuniti 70 ulizokuwa unatumia kwa friji na taa nazo zinapanda, hapo ongeza kama shilingi 16,000 kwa mwezi. Haiui hesabu ila iandike.

Faida nyingine ya Dar ni foleni yenyewe. Gari la mafuta likisimama Mwenge au Ubungo injini inaendelea kunywa, Leaf ikisimama mota haili kitu, kinachokula ni AC, na AC ni kama yuniti moja au moja na nusu kwa saa. Hakuna oil ya injini ya kumwaga, hakuna plagi, na breki pedi zinadumu sana kwa sababu ukiachia mguu mota yenyewe ndio inapunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Tairi hapana, gari ni zito, karibu tani moja na nusu, tairi utanunua kama kawaida au zaidi.

Tuje kwenye betri, na hapa soma taratibu mana ukinunua Leaf unanunua betri iliyovalishwa bodi. Ya kwanza ilitoka mwisho wa 2010 na betri ya 24, yaani yuniti 24 zile zile za LUKU, ikaja ya 30 mwishoni mwa 2015, ya 40 mwaka 2017 na ya 62 mwaka 2019. Kwenye matangazo ya Japan ya 40 inaandikwa kilomita 400, gari hiyo hiyo Marekani wameipima wakapata kama 243. Wewe shika ya Marekani, halafu toa tena kwa uchakavu wa betri.

Ubaya wa Leaf ni kwamba betri yake haina mfumo wa maji wa kuipooza, inategemea hewa tu inayopita, na sisi joto tunalo. Wenye Leaf wa Phoenix kule Arizona waliliona mapema, mwaka 2012 walilalamika betri zinashuka haraka kwa joto la jangwa mpaka Nissan ikaongeza warranti ya uwezo wa betri. Zile za 24 za mwanzo kabisa mimi kwa Dar sizishauri hata zikiwa bei ya kutupa, tena kwa umri wao TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu kwa gari iliyozidi miaka 8, kwahiyo urahisi wake unaishia bandarini. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika uone kodi kamili kabla hujapenda picha.

Kwenye picha za tangazo tafuta ya dashibodi, ikuze. Kwenye hizi za 24 na 30, upande wa kulia kabisa wa mita kuna vijimstari vidogo vyembamba vimepangana juu kwenda chini, vikiwa kamili ni 12, viwili vya chini ni vyekundu. Usivichanganye na vile vinene vya pembeni yake, vile ni chaji iliyopo kwa sasa. Vyembamba ndio afya ya betri. Kimoja kikipotea ujue asilimia 15 imeshaenda, vinavyofuata kila kimoja ni asilimia 6 na kitu, kwahiyo gari ya vijimstari 9 betri imebaki kama asilimia 66 mpaka 72. Leaf ya 24 ya hivyo usitegemee zaidi ya kilomita 80 na AC juu, na hapo ukumbuke hutaki kufika sifuri.

Tatizo ni kwamba vijimstari vinaweza kurudishwa kamili kwa kompyuta na betri ikabaki ile ile. Kama gari liko hapa Dar tayari, nenda na kifaa cha OBD cha bluetooth (kile kidogo kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake) na programu ya Leaf Spy kwenye simu, angalia asilimia ya SOH, yaani afya ya betri iliyobaki, na tofauti ya volti kati ya seli, seli moja ikiwa imeachwa mbali na wenzake usilichukue. Halafu lichaji mpaka mia na uliendeshe, zima AC washa AC, nenda Kibaha urudi. Muuzaji akikataa hilo, mshukuru uondoke.

Nyumbani usichomeke kwenye soketi ya sebuleni. Simu na pasi ni kitu kingine, hii inavuta umeme mwingi masaa saba au nane mfululizo usiku umelala, na soketi ya kawaida iliyofungwa ovyo inayeyuka. Mwite fundi umeme mwenye leseni, akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye mita, waya wa mm 4 au 6 kutegemea umbali, breka yake, kinga ya mtu kupigwa shoti, na ethi ya kweli yenye fimbo ardhini, sio ile ya kuandikwa kwenye karatasi. Waya wa chaji wa Japan una plagi isiyoingia kwenye soketi zetu, usiikate ukafunga ya kienyeji, nunua waya mpya wa Type 1 (aina ya plagi inayoingia kwenye Leaf) unaokubali volti 240 na unaoweza kupunguzwa ampea.

Ukishaanza kutumia, siku za kawaida ishia asilimia 80, mia ni ya siku ya safari tu. Weka taima ianze kuchaji usiku wa manane betri ikiwa imepoa, na usiliache limejaa pomoni kwenye jua la mchana. Umeme kukatika usikutishe kama unachaji kila usiku bila kusubiri liishe. Masika maji yakijaa Jangwani zunguka, hata kama umesikia betri imezibwa vizuri. Na ile betri ndogo ya volti 12 ipo humu pia, ikifa gari haliwaki hata kama kubwa imejaa, kwahiyo fundi akikwambia mfumo mzima umekufa, mwambie aipime hiyo kwanza.