Andika anavyouliza mkulima

Makala yangu ya kwanza mtandaoni niliipa kichwa "Umuhimu wa Zao la Korosho". Nani anaandika hivyo Google? Mkulima wa Tandahimba anaandika "dawa ya ubwiriunga" (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) au "bei ya korosho leo". Hayo ndiyo maneno ya kushika.

Siku hizi kwanza nasikiliza watu mnadani. Kisha naandika nusu ya swali Google, naiacha inimalizie, halafu nashuka chini kabisa kuona utafutaji unaofanana. Tumia dirisha la faragha (incognito), la sivyo unaweza kuletewa mazoea yako mwenyewe.

"Korosho" peke yake achana nalo. Tovuti kubwa zimelikalia. Refusha: "kupuliza salfa ya unga kwenye mikorosho". Wanaotafuta ni wachache, lakini wanajua wanachotaka. Wengine huandika "ubwiri unga", maneno mawili. Nami naliweka hivyo mara moja, ingawa linaniwasha macho.

Neno ulilochagua likae kwenye kichwa na aya ya kwanza, basi. Makala ya salfa itoke kabla mikorosho haijachanua, ya bei kabla ya minada ya Oktoba.

Baada ya wiki kadhaa fungua Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha kurasa zako zinavyoonekana na kubofywa kwenye utafutaji; ni bure. Ukurasa unaoonekana sana bila kubofywa, badilisha kichwa chake.